Ufunguo wa Ramani

Saa nane za usiku, Mtaa wa Kijabe.
Mashine imepumzika, inanuka wino na mafuta ya taa,
na mimi bado naipanga ramani ya jangwa
ambalo sijawahi kulikanyaga.

Kijitabu cha wageni, kurasa kumi na mbili.
Bwana Muthengi ameshanipa maneno:
"Chalbi. Siku saba. Utulivu usio na kifani."
Picha ya mchanga, picha ya ngamia,
picha ya mikoma ya Kalacha ikijitazama majini
kama wasichana waliotoka kusukwa.
Kati ya Maikona na Kalacha hakuna kitu,
ni weupe tu, upana wa kiganja changu.
Hapo nikaweka tangazo la hoteli:
vyumba arobaini, bwawa la kuogelea, namba ya simu.

Elema akaingia kuchaji simu yake.
Ni bawabu wa jengo letu, mwaka wa nne sasa,
koti la baridi hadi magotini, hata Januari.
Akainamia kioo changu,
akanyamaza kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

"Hilo bwawa," akasema, "umeliweka juu ya kisima cha mjomba."

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Akaomba penseli,
na nyuma ya karatasi ya majaribio,
kadi za harusi za mtu wa Kitengela,
akaanza kuchora.

Hapa ardhi ni nyeupe kwa chumvi.
Ngamia huletwa kuiramba, hurudi na mvi midomoni.
Mvua ikinyesha huwa ziwa, wiki mbili, tatu,
"na dereva asiyeuliza njia hulala humo."
Mchana utaona maji: usiyafuate.
Hayo ni mazigazi, yamewachosha waliosoma kukuzidi.
Hapa yanaanza mawe meusi, yanaunguza hata kivuli.
Hapa Milima ya Huri: asubuhi ukungu hulowesha nyasi,
na mto hakuna, hata wa kusingiziwa.

Na watu? nikauliza.

Akanitazama kama niliyeuliza iwapo Nairobi kuna moshi.
Akapiga vijiduara, saba, tisa, kisha akafuta viwili:
"Hawa watakuwa wamehama. Nyumba ziko migongoni mwa ngamia,
fito, ngozi, mikeka, na kitanda cha bibi."
Kimoja alikikoleza mpaka karatasi ikatoboka.
Hapo mgeni hukaangiwa buni kwa samli,
hutafuna taratibu, wala haulizwi aendako
mpaka amalize kutafuna.
"Hapo Darmi wangu alizaliwa. Alimtangulia mkunga.
Mimi nilikuwa hapa, zamu ya usiku."

Simu ikalia: imejaa.
Akaichomoa, akashuka ngazi akikohoa.

Nikaling'oa lile tangazo.
Nikalisogeza magharibi, likawafunika Waelmolo pale ziwani,
watu wachache hata bila kufunikwa.
Nikalipeleka Ethiopia, likavuka ukingo wa karatasi.
Nikalipunguza, nikalipunguza tena,
mpaka vyumba vyote arobaini vikaenea konani
chini ya dira.
Pale peupe nikapaacha peupe,
na vijiduara tisa,
viwili kwa vitone, kwa ajili ya waliohama.

Asubuhi Bwana Muthengi akavaa miwani, akavua, akavaa.
"Mteja wangu mbona umemfanya sisimizi?"
"Nafasi haikutosha."
"Jangwani?"

Elema alikuwa mlangoni, anakabidhi zamu.
Nilimwona akiikunja ile karatasi mara nne,
akaitia mfuko wa ndani wa koti,
upande wa harusi nje.