Miezi Sita

Barua ya kazi ilisema miezi sita.
Dalali Lugembe akasema Capri Point:
ziwa dirishani, kodi kooni.

Kirumba nilipapenda, ila shati langu
lilirudi likinuka dagaa
kabla sijauliza bei.

Nyegezi, maji kwa zamu.
Bwiru, kimya mno; ningesikia
wanangu wakikohoa Dodoma.

Jioni tukapanda Mabatini,
ngazi juu ya mawe, mawe juu ya mawe,
magoti yakidai likizo.
Mama Ng'washi akafungua chumba:
ukutani msumari, na kivuli cha kalenda.

"Aliyekutangulia naye alisema miezi sita.
Alihama mwaka wa tisa."

Kutoka pale, ziwa lina upana wa kijiko.

Nikatundika koti.