Kisanduku cha Tisa

Fomu yenu ina visanduku kumi na viwili.
Vinane nimevijaza bila kuinua kalamu:
Nshoma Luhende. Mwanamke. Kisiwa cha Kome.
Kidato cha sita, mwaka ule ziwa lilipopanda
tukapikia juu ya meza.

Cha tisa kinataka nieleze
kwa nini chuo hiki na jamii yake vinanifaa.
Mistari sita.
Nikaandika: kwa ubora wa taaluma.
Nikakata. Ubora wenu siujui.
Ninachokijua ni geti.

Mwaka wa tatu huu nauza mayai ya kuchemsha
hapo nje, upande wenye kivuli hadi saa tano,
chumvi kwenye kifuniko, kachumbari kwenye ndoo ya rangi.
Siku ya mtihani naijua bila ratiba:
wanakula wima, hawangoji chenji.
Matokeo nayajua kabla hayajabandikwa.
Aliyefaulu hununua mawili.
Aliyeanguka huvuka barabara asinisalimie,
na kesho yake humwita mwenyewe:
njoo ule, utalipa bumu likitoka.

Mama Bwire wa maabara hula yai kwa kijiko.
Siku moja alikopa. Ya pili akakopa tena.
Ya tatu akaleta deni lote,
na karatasi yenye picha ya konokono,
bapa, kama kifungo cha shati.
Huyu unamjua?
Nikacheka. Nani wa Kome asimjue?
Tumeoga naye, tumemchota ndooni,
tumemtupa kando tukanywa.
Akaniambia mgeni anayelala ndani ya konokono yule
na anakokwenda akitoka.

Sikuuza tena siku ile.

Kaka yangu Masalu alivimba tumbo
akiwa na miaka kumi na tisa. Akatapika damu.
Watu wakasema ni jirani, Bi Nyamwiza,
kwa kuwa alikuwa mjane na kuku wake hawafi.
Mbuzi wawili wakaenda kwa mganga.
Bi Nyamwiza akaondoka usiku na wanawe,
uji ameuacha mekoni, mlango wazi.
Nami niliingia, nikaula ule uji.
Nilikuwa na miaka tisa, na ulikuwa na sukari.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu.
Kumbe ni kifungo chenyewe.

Shangazi Kwandu anasema niombe Dar:
Hapa utasoma nini, mawe?
Labda. Na sitawadanganya, nauli nayo imo,
na joto la kule silitaki.
Lakini kule maji yetu yatakuwa ukurasa.
Hapa, chupa iliyo kwenye meza ya Mama Bwire
ilivuka na boti moja na dagaa wa mama yangu,
na nikiona kitu ndani yake
naweza kufika nyumbani kabla hawajaenda kuchota.

Jamii mliyoitaja, nayo hii hapa:
mvua ya mawe ya Machi,
vijana watatu wa mwaka wa kwanza, majina siyajui,
walibeba jiko langu likiwaka hadi ndani ya geti,
na mlinzi Ndalahwa akageukia ukutani
akasoma tangazo la mwaka juzi mpaka mvua ikaisha.
Ndiyo mara pekee nimeingia kwenu.
Nilisimama kwenye korido, nalowesha sakafu,
hakuna aliyeniuliza natafuta nani.

Mistari sita imekwisha zamani,
sasa niko nyuma ya karatasi, pembeni, wino unafifia.
Bi Nyamwiza nimesikia yuko Ukara, au alikuwako.
Sitaki kwenda kwake na pole tupu.
Nataka niende na darubini,
nimwonyeshe aliyemfukuza.

Kisanduku cha kumi: jina la mdhamini.
Nimeandika Mama Bwire, kwa penseli,
maana bado sijamwomba.
Kesho atapita saa nne.
Namdai mia mbili.