Waya wa Mwisho

Wobudeya aliingia na diski kifuani,
ameivika mfuko wa sukari, mafundo mawili,
akaiweka mezani pangu, Barabara ya Naboa,
kati ya redio iliyokufa na chupa ya soda.
"Fundi Neumbe, hii inasomeka?"

Diski ya inchi tatu. Si tatu na nusu. Tatu.
Nene kama biskuti,
na mwandiko wa karani wa chama cha kahawa:
WANACHAMA, 1988. USIFUTE.
Niliijaribu kwenye kisomadiski cha kompyuta ya juzi,
ikacheza mdomoni mwake kama jino la mtoto.
Ndugu wa jina tu, hawa.

Mashine yake nilikuwa nayo, kweli,
Amstradi ya shule moja ya Nkokonjeru
niliyoichukua kwa deni la pasi.
Ukiiwasha inang'aa kijani
na kuomba diski, na kuomba tena,
lakini kisomaji chake kilikuwa bubu:
mkanda wa mpira ndani umeyeyuka,
umekuwa lami.

Nikasema nitaitafutia mwenzi.
Nikachomoa kisomaji cha tatu na nusu
kwenye kompyuta ya benki iliyofungwa.
Plagi ya umeme iliingia kama imezaliwa hapo.
Hapo ndipo ningeshtuka.
Mgeni akiingia kirahisi hivyo, mpime kwanza.
Aliyeiunda mashine ile, Mungu anamjua,
aliweka volti kumi na mbili
pale wenziwe wanapoweka tano.
Moshi ulikuwa mdogo, uzi tu.
Elfu kumi na tano zangu zikapaa nao.

Cha pili nilikibadilishia nyaya, nyekundu kwa njano.
Hakikuungua. Wala hakikusema.
"Diski haiko tayari," mashine ikaandika.
"Rudia, puuza, au acha?"
Nilirudia hadi nikalichukia neno lenyewe.

Usiku wa tatu, malewa yakipoa sahanini,
nikazielewa tabia zao.
Nyaya ni thelathini na nne, ubavu kwa ubavu.
Ule wa mwisho mashine ya zamani huutegea sikio:
Uko tayari?
Na kisomaji cha kisasa, kwa waya huohuo,
hujibu swali ambalo hakikuulizwa:
Diski imebadilishwa.
Watu wawili waliokaa nyumba moja miaka tisa
wakijibizana hivyo, nawajua.
Mmoja ni mimi.

Nikaukata. Upande wa mashine nikaulehemu ardhini,
iwe inasikia tayari, tayari, usiku kucha,
hata pasipo na diski.
Ni uongo, najua,
uongo wa tone moja la risasi.
Ukafanya kazi.

Mkanda nao nikautoa kwenye rekoda ya jirani
(bado anaiulizia),
nikavipanga viwili kando kwa kando,
cha zamani kisome, cha kisasa kiandike.

Jumatatu Wobudeya alikuja na tope la Bududa viatuni.
Hakuwa ameniambia mpaka siku hiyo
kwamba mlima ulishuka na nyumba ya mama yake,
na kadi ya ubatizo, na stakabadhi zote,
na picha, iliyokuwa moja.
Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei.

Kisomaji kikanguruma. Kikakohoa.
Kikakwama penye doa la ukungu, nikabonyeza puuza,
kikaruka, kikashika tena,
na majina yakaanza kupanda, ya kijani,
wengine siwajui, wengine nimesoma na wajukuu zao,
mpaka

KAKAI NABUSAYI. KILO 61.5. DARAJA LA PILI.

Akasogeza uso hadi kioo kikashika mvuke.
Nikatafuta kitambaa cha kumpa.

"Daraja la pili?" akasema.
"Kahawa ya mama yangu?
Huyo karani alikuwa mwizi."

Akavuta kile kiti kibovu, akakaa.
"Rudia," akasema.
"Rudia hapo."