Ukoga

Ghorofa ya kumi na mbili, juu ya Mtaa wa Makunganya,
mnara wa maji unahema mvuke kama nyati aliyekimbizwa.
Chini yake, ofisi ya mikopo: binti wa mapokezi
amejifunga mtandio shingoni, Januari hii,
saa nane mchana, jua likikaanga lami.

Bwana Nkwabi amepanda ngazi na bili ya umeme,
ameikunja mara nne kama mtu anayeficha talaka.
"Mashine imezeeka," anasema. "Tununue mpya."
Nikamwambia: nipe siku mbili, na spana namba kumi na tisa.

Nilipofungua kifuniko cha kondensa
sikukuta uzee.
Nilikuta mabomba ya shaba yamevishwa kanzu,
nyeupe, ngumu, unene wa ukucha wa mtoto.
Maji ya kisima yamekuja na chokaa yake,
maji yakapaa,
chokaa ikasema: nendeni, mimi nabaki.

"Ukoga," nikamwambia Shomvi, kijana wangu wa mazoezi.
"Mashine haijapigwa mswaki."
"Fundi, lakini maji si maji tu?"
Nikamkingia tone la kisima kiganjani. Akaonja.
Akakunja uso, hakuuliza tena.

Nikakwangua kwa bisibisi. Kri, kri.
Sauti ile naijua.
Ni birika la mama, Mbagala Kizuiani,
lililomaliza kopo zima la mkaa wa kukopa
na chai bado haijachemka,
majirani wameshakunywa, wameshaosha vikombe.
Baba alilaumu mkaa. Shangazi alilaumu upepo.
Mama alilifunua birika, akachungulia ndani,
hakusema neno, akaenda kukata ndimu.

Ndiyo hesabu yote, Bwana Nkwabi, wala haihitaji darasa:
joto la ofisi linataka kutoka nje,
linakuta mlango umejengewa jiwe.
Kompresa inasukuma. Inasukuma.
Na kila msukumo, mita inaandika jina lako.

Tukazungusha asidi usiku mzima.
Povu likatoka la kijivu, likanuka kama yai viza,
Shomvi akasinzia amekaa juu ya ndoo.
Alfajiri shaba ikaonekana,
nyekundu, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Lakini kusafisha ni siku moja. Kutunza ndiyo kazi.
Sasa kila asubuhi napima maji,
namwaga kiasi kabla hayajawa mazito
kama mchuzi uliosahaulika jikoni,
nadondosha dawa ya chokaa, dawa ya ule utelezi wa kijani,
kwa kipimo. Ukizidisha, inakula shaba yenyewe,
mithili ya mkwe mpya anayejionyesha,
akasugua sufuria mpaka ikatoboka.

Mwezi wa tatu bili ikashuka.
Si kidogo: ilishuka mpaka mhasibu akapiga simu shirika la umeme
kuuliza kama wamekosea.

Pakafanyika mkutano. Bwana Nkwabi akawapongeza wafanyakazi
kwa kuzima taa wakati wa chakula,
akayasifu na yale mapazia mapya.
Watu wakapiga makofi. Soda zikafunguliwa.
Mimi nilikuwa juu, na daftari langu, na harufu ya maji.
Shomvi akaniletea sambusa moja
imefungwa kwenye tangazo la mikopo isiyo na riba.

Niliudhika? Kidogo. Nusu ya sambusa.
Kisha mashine ikanyamaza yenyewe, tak,
baridi imetosha, hakuna wa kuisukuma,
nikasikia mji: honi, adhana ya mbali, mtu anapigilia bati.
Nikafuta mafuta vidoleni, nikaandika:

Jumatano. Maji mazuri.
Kompresa imepumzika dakika kumi na moja.