Walisema Ni Jicho

Nilipofika miaka miwili sijasimama
shangazi Mahfudha alisema ni jicho.
Mwanamke kaniona harusini, kule Mudhaibi,
kanisifu mapaja, hakusema mashallah.
Nikasomewa. Nikatemewa mate. Nikanyweshwa kombe,
zafarani iliyooshwa sahanini,
na sahani ile ipo bado kabatini, hapa Ibra,
ina ufa, hakuna anayethubutu kuitupa.

Miaka kumi na moja baadaye, Maskati,
daktari alichora ngazi iliyojisokota nyuma ya karatasi ya dawa.
Hapa, akasema, pamekosekana kipande.
Baba anacho kizima kimoja, kingine hana. Mama vilevile.
Baba na mama ni watoto wa ndugu wawili:
wamegawana babu, mitende,
zamu za maji ya falaji,
na hilo pengo.
Mama alilia kwa furaha. Nasema kweli, furaha.
Kumbe hakuna aliyenichukia harusini.

Tangu siku ile sivumilii mtu akiitukana sayansi mbele yangu.
Ilimtakasa mwanamke nisiyemjua.

Sasa nina miaka thelathini na minne.
Kinachonitii ni macho.
Kamera chini ya skrini huyafuata;
nikitua juu ya herufi, herufi inaandikwa.
Shairi hili limenichukua siku tisa.
Kwa hiyo, shangazi, ulisema kweli, ila kwa kombo.
Ni jicho.

Kuswali pia naswali kwa hayo hayo.
Kope nusu, nimerukuu. Kope chini kabisa, nimesujudu.
Dada Zuwena huigeuza mashine ukutani kwanza.
Alasiri moja alisahau, maziwa yalikuwa yanafurika jikoni.
Nilipotoa salamu nikakuta kwenye skrini:

hhhhn   nnb
bbbbbbb      m
nnnb   bbbb   m
hhn bbbbb

Rakaa nne.
Nikazisoma mara mbili, kama mwalimu anayetafuta kosa.

Kaka Harith ni mhandisi wa mafuta, Fahud.
Haswali. Alininong'oneza hilo sikioni
kwa kuwa mimi si mwepesi wa kutoa siri.
"Mungu gani," akauliza, "anayempunguzia mtoto kipande,
halafu anataka ashukuriwe kwa kilichobaki?"
Sikuwa na jibu. Sinalo hadi leo.
Zipo siku kope nazizuia makusudi,
adhana inapita, naiangalia dari,
namwachia Yeye aanze kusema.
Feni inazunguka.

Halafu Julai ile umeme ukakatika mtaa mzima.
Betri ya mashine ya pumzi ikalia, ikalia, ikanyamaza.
Zuwena akatoka mbio kutafuta jenereta kwa jirani.
Harith akashika puto la mkono, akaniminyia hewa,
jasho lake likidondoka kwenye shuka langu,
akihesabu kwa sauti asipoteze mwendo.
Moja. Mbili. Tatu.
Karibu saa nzima. Mimi sikuwa na kazi ila kusikiliza,
nikagundua jambo ambalo mwenyewe hakulijua:
kila akifika thelathini na tatu
alirudi kwenye moja.

Sijamwambia.
Mhandisi angehesabu hadi mia.
Vidole vyake vilifundishwa hesabu ile na bibi, juu ya msala,
kabla hajaambiwa chini ya jangwa kuna nini.
Huenda ni mazoea tu, kama goti linavyoruka likigongwa.
Huenda.
Nilizipokea zote, sikurudisha hata moja.

Ile mistari ya nnb na bbbb bado ipo.
Juzi Zuwena alikuwa anasafisha mashine,
akauliza, hii takataka niifute?
Nikatua kwenye i, kwenye a, kwenye c.
Kabla sijamaliza alikwisha kuondoa mkono.