Daftari la Sufuria

Ufunguo wa stoo naufunga kwenye ncha ya leso.
Daftari lina jalada la kaki, limekunywa mafuta hadi likang'aa:
jina, tarehe, sufuria ngapi, vifuniko vingapi, miko.

Tulianza na moja, sisi akina mama wa Maweni,
kubwa, ya pilau ya watu mia mbili.
Tukaiita Bwana Harusi
kwa kuwa kila wiki ililala nyumba mpya
na kila wiki ilirudi asubuhi, imechoka, nyeusi masizi.

Ukurasa wa kwanza: kina Shee Kupi, wali wa nazi, binti anaolewa.
Wa pili: Sidi, hanga la babake, Ganda.
Ilipanda tuktuk, mtoto akiwa ameketi ndani yake
kama mfalme, kichwa tu kikionekana.
Wa tatu: Odera wa Kisumu Ndogo, ubatizo.
Alirudisha imesafishwa kwa mchanga, ikiwa na samaki wawili ndani.
Nikaandika: samaki wawili. Daftari halisemi uongo.

Kisha akaja Bi Hansa, karibu na Diwali,
akasimama mlangoni akizungusha bangili:
"Isiwe imewahi kuingia nyama."
Tukatazamana. Bwana Harusi!
Ukimgonga tumboni anatoa harufu ya mbuzi.
Tukachanga, tukanunua ya pili,
tukaipaka alama ya kijani kwenye sikio,
na mpaka leo haijaonja hata supu.

Mzee Renso, wa nyumba yenye mlimau,
aliomba ile kubwa apike tambi
siku mtoto wa bawabu wake alipofaulu mtihani.
Tulikwenda kuona aibu, tukarudi na sahani ya pili.
Ukoko wa tambi ulisuguliwa siku tatu.
Sikumtoza. Nilimwandika tu, kwa wino mwekundu.

Usidhani mambo yalikuwa asali.
Kikaoni Bi Tima aligonga meza:
"Sufuria ni za wenyeji! Kila anayeshuka basi anakuja kubeba!"
Wengine wakaguna, na mguno wao haukuwa wa kukataa.
Nikafungua daftari, nikasoma polepole.
Sufuria tuliikopa dukani kwa Khuzema, tukalipa miezi saba.
Ilipotoboka kitako, aliyeiziba ni Mutiso, kwa chai na mkate.
Kuni za mwaka wa mafuriko alileta Hadulu kutoka Mto Tana,
naye mwenyewe alikuwa amepoteza nyumba.
"Sasa, Bi Tima, nionyeshe mwenyeji, nimpigie mstari."
Akanyamaza.
Ni kweli pia kwamba jina lake lilikuwamo mara tatu,
na kifuniko kimoja bado kiko kwake, anafunikia pipa.

Siku ya sherehe ya mji sufuria zote hutoka.
Kumi na moja sasa, mawe thelathini na matatu,
moshi mmoja usiojua umetoka dini gani.
Ubah anakoroga mchele, Sidi anakuna nazi,
Bi Hansa analinda sikio la kijani kama askari wa benki,
na Bi Tima, nani mwingine, anapima chumvi.

Mwaka ule msichana alishuka basi la usiku,
begi moja, viatu mkononi,
akauliza pana mahali pa kukaa.
Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Hatukungoja. Tulimpa kisu na kilo tano za vitunguu.
Machozi yalimtoka, mengi kuliko ya vitunguu,
na hakuna aliyemuuliza, tulimsogezea kigoda tu.

Usiku nikaandika: kisu kimoja, mpini wa mbao, mgeni.
Safu ya jina niliiacha wazi, nikidhani nitaijaza kesho.

Mwaka wa nne huu. Jina lake nalijua, na la mwanawe,
na kisu kile nakiona kila nikipita jikoni kwake,
kimechakaa, kinamenya muhogo.
Safu bado iko wazi.
Sijakidai.