Mifuko Arobaini ya Saruji

Mimi ndiye niliyeileta, mifuko arobaini,
kwa lori la shemeji yangu, kutoka Española,
vumbi la Nyu Meksiko likitufuata njia nzima.
Nilikuwa kijana, nina mwiko mpya,
na kanisa letu la udongo lilinitia haya.

Wanawake walilikandika kila Juni:
udongo wa bondeni, mchanga, makapi ya ngano,
maji ya mfereji, kisha viganja.
Nikawaambia, Pumzikeni, mama zangu.
Hii haitaki mkono tena.
Cleofas Archuleta akanitazama
kama unavyomtazama mtu anayemvisha mbuzi koti la mvua.

Wahenga walisema usipoziba ufa.
Niliziba. Niliziba nyufa zote,
ukuta ukawa laini, wa kijivu, kimya
kama mgonjwa aliyekatazwa kulalamika.

Miaka arobaini na mmoja.
Kisha, Jumatano moja, kona ya kaskazini
ikatoa tumbo.

Tukapasua gamba. Nyuma yake
hapakuwa na ukuta. Palikuwa na tope
lililolowa tangu sijui lini, halina pa kutolea jasho.
Nilizamisha mkono hadi kwenye kiwiko,
nikatoa gunzi la hindi
na tofali moja zima, lenye unyayo wa mbwa
aliyelikanyaga lilipokuwa bado limeanikwa,
kabla ya babu yangu kuzaliwa.

Hakuna aliyenisema. Hilo ndilo lililoniuma.

Sasa nafyatua matofali.
Suruali nimeikunja, tope la baridi linapanda vifundoni,
kalibu naichovya majini, najaza, nasawazisha, nainua:
tofali linabaki limekaa chini kama mkate usio na haraka.
Siku tatu bapa, kisha nalisimamisha kwa ubavu.
Ukiligonga likajibu ngo, limeiva.
Likinyamaza, lirudishie jua.

Cleofas hayupo tena. Bintiye, Eufelia, yuko juu ya ngazi,
anaulainisha ukuta kwa kipande cha ngozi ya kondoo
kwa mizunguko midogo, kama anayemwogesha mtoto mkaidi.
Mvua ya Agosti itakuja. Itamenya kikandiko
unene wa ukucha, itakirudisha bondeni,
nasi tutakwenda kukichota tena.
Huo ndio niliouita udhaifu.

Eufelia ananyoosha ndoo bila kugeuka.
“Ongeza,” anasema. “Na safari hii
usizidishe maji.”